Kuchaji betri za gari la gofu inachukua masaa mangapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa sana na wenzangu wanaoendesha na kutunza magari ya gofu, wengine wako mahotelini Nungwi na Diani, wengine kwenye viwanja vya gofu, na siku hizi kuna wenye nayo nyumbani tu wanazungukia shamba. Mahotelini tunaziita bagi kwa hiyo ntatumia hilo neno. Nimeyapanga jinsi yanavyokuja, ukiwa na haraka soma la kwanza, lakini kama betri ni zako au umekabidhiwa wewe, tafadhali soma mpaka la nne maana hapo ndo pesa inapopotelea.

Fundi, nipe jibu fupi. Masaa mangapi?

Betri za maji zile za kawaida, kama umetumia nusu ya chaji au kidogo zaidi ni masaa 7 mpaka 10. Kama bagi imerudi inajikokota, chaji imeisha kabisa, hesabu 10 mpaka 12 na zikiwa zimezeeka inaweza kupita hapo. Kama umetumia kidogo tu ni masaa 3 au 4. Lithiamu ni habari nyingine, nusu inajaa ndani ya masaa 3 na tupu kabisa kama 5 au 6 kwa chaja ya kawaida.

Ratiba ambayo haikusumbui ni kuchomeka saa 2 usiku, saa 12 asubuhi unakuta kazi imeisha.

Hiyo hesabu inatoka wapi? Mbona kila mtu ana jibu lake?

Kwa sababu kila mtu ana betri zake, chaja yake na matumizi yake. Vitu unavyotakiwa kujua ni vitatu: betri ina ampia-saa ngapi, yaani inabeba umeme kiasi gani (imeandikwa Ah ubavuni), umetumia kiasi gani, na chaja inatoa ampia ngapi.

Chukua bagi ya volti 48 yenye betri 6 za volti 8, kila moja 170 Ah, hizi ziko nyingi sana. Zimefungwa mfululizo kwa hiyo volti zinajumlishwa lakini Ah inabaki ile ile 170, hapa wengi wanakosea wanazidisha mara sita. Chaja yako tuseme inatoa ampia 15.

Umetumia nusu, yaani 85 Ah zimetoka. Ukigawanya 85 kwa 15 unapata kama masaa 5 na dakika 40 na hapo mtu anasema basi saa 2 usiku mpaka saa 8 usiku imejaa. Haijajaa. Chaja inatoa hizo ampia 15 zote mpaka betri zifike kama asilimia 80 hivi, hiyo ni masaa matatu na nusu, alafu kuanzia hapo ampia zinaanza kushuka zenyewe kidogo kidogo na hicho kipande cha asilimia 20 kinachobaki kinakula masaa mengine 3 mpaka 4. Jumla 6 na nusu mpaka 7 na nusu.

Sasa umetumia asilimia 80. Kutoka 20 mpaka 80 ni 102 Ah, hapo karibu masaa 7, ongeza 3 au 4 za mwisho, unafika 10 au 11.

Na umetumia asilimia 20 tu? Bado masaa 3 au 4! Maana ulichotumia chote kimeangukia kwenye kile kipande cha polepole. Ndo maana mtu anashangaa kazunguka bagi nusu saa tu lakini chaja imechukua masaa matatu kukata, hakuna ubovu hapo, ndivyo betri za maji zilivyo.

Sasa kwa nini hizo asilimia za mwisho zinakuwa taratibu hivo?

Ni sawa na kujaza gunia la mkaa, chini unamimina tu na koleo, ukifika juu unapanga kipande kimoja kimoja la sivyo mkaa unamwagika. Ndani ya betri sahani za risasi zikiwa tupu zinapokea umeme kwa wingi, zikikaribia kujaa sehemu ya kupokea inabaki ndogo, ukilazimisha ampia zile zile umeme hauingii kwenye sahani unaenda kuchemsha maji, yanageuka gesi na betri inapata moto. Kwa hiyo chaja inashikilia volti pale pale (kwa mfumo wa 48 ni kama 57 mpaka 58 na pointi) na kuacha ampia zishuke zenyewe.

Hizo bubuji unazosikia kwenye mwisho wa chaji, ukisogeza sikio karibu na kizibo unasikia kama mvua nyepesi juu ya majani, zina kazi yake. Asidi ni nzito kuliko maji, betri ikikaa bila kuchajiwa mpaka mwisho asidi inalala chini na juu panabaki maji matupu, zile bubuji ndo zinachanganya. Bila ule mwisho sahani kwa chini zinaliwa na asidi kali na kwa juu hazifanyi kazi.

Meneja anataka bagi saa 11 alfajiri, chaja bado haijakata. Nachomoa?

Kwa siku moja moja chomoa, mgeni ana ndege hawezi kusubiri. Betri haifi kwa kuchomolewa mara moja.

Tatizo ni ikigeuka kuwa ndo mtindo. Nimeona hoteli bagi zinafanya kazi mpaka saa 6 usiku kwa sababu ya wageni wa mgahawa, zinachomekwa saa 7, saa 11 alfajiri zinachomolewa, kila siku, na mwisho wa mwezi meneja analalamika kwamba betri za siku hizi hazina ubora. Betri hazina kosa. Masaa manne yanazifikisha 80 au 85 na hapo ndo zinaishia, kila siku kuna sehemu ya sahani haijarudishwa, ile salfeti, yaani ukoko unaobaki juu ya sahani betri ikitumika, mwanzoni ni laini inaondoka na chaji, ukiiacha wiki na wiki inakuwa ngumu kama chokaa na haitoki tena. Ile 170 Ah inakuwa 140, alafu 110, alafu bagi haimalizi asubuhi. Betri ambazo zingefanya kazi miaka mitano zinakufa kwenye wa pili, na seti nzima ya betri sita sio hela ya kuchezea.

Mi naliamini hili kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii: yale masaa ya mwisho ambayo unaona kama chaja inachelewesha ndo yanayoamua betri itaishi mda gani. Mtu akikuuliza kwa nini bagi imekaa kwenye chaji mpaka saa 3 asubuhi mwambie hivo hivo.

Kinachosaidia ni kupanga zamu. Ukiwa na bagi sita, usizitoe zote sita kila siku, panga kila siku moja au mbili zilale kwenye chaja mpaka chaja ikate yenyewe, ukifuata mzunguko huo kila bagi inapata kujaa kweli mara moja au mbili kwa wiki hivi. Sio bora kama kila usiku ila ni tofauti kubwa sana na kutojaa kabisa. Na kama kazi hairuhusu hata hilo, mweleze bosi kwa hesabu kwamba hapo panahitaji bagi ya ziada au lithiamu.

Bagi yangu ni ya volti 36 au 48? Ntajuaje?

Inua siti, hesabu vizibo kwenye betri moja. Vizibo 3 ni volti 6, vizibo 4 ni volti 8, vizibo 6 ni volti 12, yaani kila kizibo volti 2. Zidisha kwa idadi ya betri. Sita za volti 6 ni 36. Sita za volti 8, au nne za volti 12, ni 48. Nyingi zilizoko huku ni Club Car, E-Z-GO au Yamaha, zote zinatengenezwa jimbo la Georgia kule Marekani, mbili za kwanza upande wa Augusta na Yamaha iko Newnan. Georgia hiyo hiyo kuna mji unaitwa Peachtree City watu wanaenda dukani na shuleni kwa bagi, mji mzima una njia zake maalum zaidi ya kilomita 150, kwa hiyo hivi vigari sio vya kubeba fimbo za gofu tu.

Kwenye masaa tofauti sio kubwa. Za 36 zina volti ndogo ila Ah kubwa, mara nyingi 225, na chaja zake zinatoa kama ampia 20, ukifanya ile hesabu ya juu unarudi pale pale masaa 7 kwa nusu.

Ntajuaje zimejaa kweli na sio chaja inanidanganya?

Kwa testa (kile kipimo cha volti), lakini sio hapo hapo ulipochomoa. Ukipima mda huo utaona volti kubwa ukafurahi bure, ile ni ya juu juu. Acha zitulie, zikikaa masaa matatu na zaidi ndo unapata ukweli. Mfumo wa 48 uliojaa unasoma kama 50.9, nusu ni 48.4. Mfumo wa 36 uliojaa 38.2, nusu 36.3. Umeona ilivyo, bagi ya 48 ikisoma 48 kamili sio kwamba iko vizuri, iko chini ya nusu. Hapo nimeona watu wengi wanajichanganya.

Ukitaka kuwa na uhakika zaidi nunua haidromita, kile kibomba cha kioo chenye mpira wa kubonyeza juu, ni bei ndogo. Fungua kizibo, vuta maji ya betri, rudisha, vuta tena mara mbili tatu ili kibomba kizoee joto, alafu inua usawa wa macho usome kile kiboya kimezama mpaka wapi. Kila kizibo ni seli moja, na seli iliyojaa inasoma karibu 1.275, nusu ni kama 1.170. Kwa bagi ya 48 pima zote 24 uandike kwenye karatasi, kila betri mstari wake. Hapo ndo unaiona siri, unakuta 1.270, 1.275, 1.270, 1.265, alafu ghafla 1.190. Testa isingekuambia seli ipi. Tofauti ya seli na seli ikizidi pointi 30 (1.275 na 1.240 kwa mfano) betri zinahitaji ile chaji ya kusawazisha, ikifika 50 na baada ya kusawazisha bado iko hivo, hiyo seli inaelekea kufa.

Vaa miwani na glavu. Yale sio maji, tone moja linatoboa suruali na kwenye jicho ni hospitali.

Kusawazisha ndo nini?

Ni kuchaji kwa makusudi kupita kiwango baada ya betri kujaa, volti inapandishwa (kwa 48 inafika 64 hivi) kwa ampia ndogo ili seli zilizobaki nyuma ziwafikie wenzao. Chaja nyingi za kisasa zinafanya zenyewe au zina kitufe. Ni kwa betri za maji TU. Usifanye kwa betri kavu (zile zilizozibwa, haziongezwi maji) na usifanye kwa lithiamu. Na cheki maji kwanza.

Chaja naichomeka haiwaki kabisa, betri ziliachwa mda mrefu. Chaja imekufa?

Mara nyingi chaja ni nzima. Chaja nyingi za kujiendesha zinasoma kwanza volti za betri, zikikuta chini ya kiwango fulani zinaona kama hakuna betri iliyofungwa, zinakataa kuwaka. Unachofanya, unatafuta chaja ndogo ya kawaida yenye uwezo wa volti ya betri yako (6, 8 au 12), unaipitisha betri moja moja, saa moja au mbili kila moja ili kuzinyanyua kidogo, alafu unarudisha chaja kubwa. Kwa volti 8 angalia chaja iwe inasema kabisa inachaji volti 8, usitumie ya 12 ukasema ntaiangalia, ukipata simu umeisahau inachemka.

Kabla ya hapo cheki vitu rahisi: fyuzi, soketi, plagi ya kwenye bagi kama meno yake yameungua, na vichwa vya betri kama vimeota ule unga wa kijani na mweupe. Kwa pwani hapa na hii chumvi vichwa vinaoza haraka, safisha na brashi ya waya, kaza, paka grisi.

Zikishanyanyuka usitegemee masaa 10. Betri zilizokaa tupu miezi zinaweza kuhitaji kuchajiwa zikate, zitulie, zichajiwe tena, na bado zisirudi kama zamani.

Nimeletewa bagi kutoka Marekani na chaja yake, inasema volti 120. Nikiweka transifoma inachaji?

Swali zuri na linaunguza chaja nyingi. Transifoma inashusha volti kutoka 230 au 240 za kwetu mpaka 120, sawa, lakini haibadilishi hezi (Hz, yaani umeme unapiga mizunguko mingapi kwa sekunde). Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu hezi 50. Zile chaja za zamani nzito, zenye transifoma kubwa la chuma ndani na kapasita, ukiinua unasikia kweli umeinua kitu, zimetengenezwa zifanye kazi kwenye hezi 60 tu. Ukizipa 50 zinatoa chini ya kiwango, zinaunguruma, zinapata moto, unaziacha usiku kucha na asubuhi betri hazijajaa na mtu anasema betri mbovu.

Chaja nyepesi za kisasa angalia kibandiko, zikiandikwa 100-240V 50/60Hz chomeka moja kwa moja badilisha plagi tu. Kama imeandikwa 120V 60Hz peke yake, kwa ushauri wangu usihangaike na transifoma, hela hiyo weka kwenye chaja mpya ya umeme wa huku, na uhakikishe inalingana na volti na aina ya betri zako.

Umeme wetu unashuka sana jioni. Inaongeza masaa?

Kwa chaja za transifoma ndio, tena sana. Umeme ukiwa 190 badala ya 230 ampia zinazotoka zinapungua na ile volti ya mwisho inaweza isifikiwe kabisa, chaja inakaa tu inaunguruma. Chaja za kisasa zinazopokea kuanzia volti 100 zinavumilia vizuri.

Cha pili ni ekstensheni. Watu wanachaji bagi nne kwenye waya mmoja mwembamba wa mita 30 uliokunjwa kwenye roli, waya unapata moto, umeme unaofika kwenye chaja ni mdogo, na huo ni moto unaosubiri kutokea. Tumia waya mfupi, mnene, uutandaze wote, na kila chaja iwe na soketi yake.

Umeme ukikatika katikati na kurudi, chaja nyingi zinaanza upya zenyewe, ila sio zote, nyingine mpaka uchomoe na kuchomeka tena. Jaribu yako siku moja mchana, zima swichi ya ukutani, washa, uone inafanya nini, ili usije kushtukia asubuhi bagi zote zimelala tupu.

Maji ya betri naongeza kabla au baada ya kuchaji?

Baada. Ukichaji maji yanapanuka yanapanda, ukijaza kabla yatamwagika juu na kinachomwagika ni asidi yako, hairudi. Isipokuwa sahani zikiwa zinaonekana ziko nje ya maji, hapo ongeza kidogo tu zifunikwe kabla ya kuchaji, alafu ukimaliza jazia mpaka karibu na kile kishingo cha tundu, chini yake kama milimita 3.

Na iwe maji safi yaliyochujwa chumvi yote, sio bomba, sio kisima, sio ya chupa ya kunywa. Ukienda dukani kuomba maji ya betri soma kibandiko, maana kuna duka ukisema hivo unapewa maji makali yaani asidi. Kinachopotea kwenye betri kwa kuchaji ni maji tu, asidi inabaki ndani, ukiongeza asidi unaziua. Kwa joto la pwani mi ningeangalia kila wiki mbili, betri zikizeeka kila wiki.

Nikitumia kidogo tu nichaji au nisubiri ziishe?

Chaji. Hiyo ya kusubiri ziishe ilikuwa ya betri za simu za zamani, betri za maji hazina tabia hiyo, kinyume chake kuzimaliza kabisa ndo kunazifupishia maisha. Jaribu usishuke chini ya nusu. Ila isiwe kila ukisimama dakika 15 unachomeka unachomoa, unachomeka unachomoa, fanya kazi ya siku alafu chomeka mara moja iende mpaka mwisho. Mchana ukiona haitamaliza siku, ichomeke wakati wa chakula, hakuna dhambi, ila usiku iache mpaka ikate.

Bagi ikirudi tu nachomeka hapo hapo?

Kama imepanda vilima juani mchana kutwa ipe kama nusu saa ipoe, hasa ukiona betri za moto ukizigusa ubavuni. Betri ya moto inapokea chaji kupita kiasi na kuchemka mapema. Chaja nzuri zina kisensa cha joto, kila nyuzi moja juu ya 25 zinapunguza volti kidogo, kwa mfumo wa 48 mahali penye nyuzi 35 inatakiwa kushuka kama volti 1.2. Zisizo na sensa hazijui hilo, kwa hiyo chajia kivulini na usiku. Betri zikifika nyuzi 50 usichaji kabisa.

Chaja kubwa zaidi itapunguza masaa?

Kidogo. Chaja inatakiwa iwe kati ya asilimia 10 na 13 ya Ah ya betri, kwa hiyo 170 Ah inataka ampia 17 mpaka 22, na 225 Ah inataka 22 mpaka 29. Kama una 15 ukaweka 20 utaokoa kama saa moja kwenye ile sehemu ya mwanzo, ila yale masaa 3 au 4 ya mwisho yako pale pale. Ukiweka 40 ili ijae masaa matatu, utachemsha betri. Na chaja ya ampia 5 ya gari la kawaida usiitegemee, betri zikiwa zimeisha ni zaidi ya siku nzima.

Naweza kuiacha imechomekwa wiki nzima nimesafiri?

Chaja ya kisasa inayokata na kujirudishia yenyewe, sawa. Ya zamani ya saa ya kuzungusha, hapana. Msimu wa mvua bagi zikilala, zichaji zijae, tenganisha betri au weka ile swichi ya kukokotea (Tow) kama ipo, alafu rudi kila baada ya wiki nne uzijaze tena, maana betri inapoteza chaji yenyewe na joto linaongeza kasi.

Mlioko Marekani kaskazini na Ulaya, baridi haiui betri iliyojaa. Iliyoisha chaji ndo inaganda na kupasuka, hiyo iwe imejaa kabla ya Desemba. Lithiamu msizichaji zikiwa chini ya nyuzi 0.

Lithiamu vipi, kweli inachaji haraka hivo?

Kweli. Lithiamu ya 48 yenye 105 Ah na chaja ya ampia 20, tupu mpaka kujaa ni masaa 5 na kidogo, maana inapokea ampia zote karibu mpaka mwisho, haina kile kipande cha polepole. Na haidhuriki ukiichomoa njiani, 60, 70, popote. Hapo ndo naona inafaa hoteli yenye kazi asubuhi mpaka usiku, unachaji kwa mda wa saa moja tu mchana na inakupa asilimia 20 hivi kweli.

Ila lazima chaja yake. Chaja ya betri za maji ina kusawazisha na volti tofauti, ile bodi ya ulinzi ndani ya lithiamu itakata au mbaya zaidi. Anayekuuzia lithiamu bila chaja yake muulize maswali.

Umeme unakula kiasi gani?

Kwa ile bagi yetu ya 170 Ah uliyotumia nusu, umetoa kama yuniti 4, ukutani zitaenda 5 mpaka 6 kwa sababu betri za maji na chaja vinapoteza njiani. Kwa LUKU ya nyumbani Tanzania ambapo elfu kumi inakupa kama yuniti 28, hiyo ni kama elfu mbili kwa usiku. Kenya na kwingine zidisha kwa bei ya tokeni yako.

Nikiweka sola juu ya paa la bagi?

Paneli ya wati 300 kwa siku ya jua zuri inakupa kama yuniti 1, wewe umetumia 4. Inasaidia betri zisishuke sana, haichukui nafasi ya chaja.

Kuchaji chumbani au stoo iliyofungwa kuna shida?

Ipo kubwa. Ile gesi ya mwisho wa chaji ni haidrojeni, ikifika asilimia 4 tu ya hewa inalipuka kwa cheche, na inapanda juu inakusanyika darini. Pawe na matundu juu ya ukuta, sio dirisha la chini tu. Hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna kuchomelea vyuma karibu. Zima chaja kwanza ndo uchomoe plagi ili isitoe cheche. Spana zungushia tepu kwenye mpini, vua pete na saa.

Yangu inajaa haraka sana, masaa mawili tu chaja inakata. Ni nzuri?

Pole, ni mbaya. Kama ulitembea siku nzima na imejaa kwa masaa mawili maana yake gunia limekuwa dogo, betri zimepoteza uwezo, zinajaa haraka kwa sababu hakuna pa kuweka. Utaona pia bagi inaondoka na nguvu asubuhi alafu saa 4 imechoka.

Na kinyume chake, ikichaji masaa 16 na haikati, mara nyingi kuna betri moja yenye seli iliyokufa inazuia volti ya wote isifike pale chaja inapotaka, zile nzima tano zinachemka kwa kumsubiri mwenzao. Itafute. Chaji zote, zipumzike, pima kila betri peke yake na uandike. Zungusha bagi mpaka ianze kuchoka, isimamishe, iache itulie kidogo, pima tena moja moja. Kwenye za volti 8 utakuta wenzake wako 8.0, 8.1, yenyewe iko 7.4. Ndo hiyo.

Seti ikiwa bado changa, mwaka mmoja hivi, badilisha hiyo moja kwa betri ya aina ile ile na Ah ile ile. Ikiwa miaka minne mitano, ukiweka moja mpya katikati ya wazee itafanya kazi kwa kiwango chao na itazeeka haraka, hapo jichange ununue zote. Mpya zikifungwa zichaji zijae kabla ya safari ya kwanza, na wiki za mwanzo usizipeleke mbali sana, betri za maji zinachukua makumi ya mizunguko ya chaji mpaka zitoe nguvu yake yote.